Bangili Ndani ya Ungo

Mlangoni kwa Bi Chausiku, siku alipofiwa na mumewe, uliwekwa ungo, na kila aliyeingia alivua bangili yake akaitia humo kabla hata ya kuvua viatu. Tunu Lukindo naye akavua yake. Hakuna aliyemwambia. Desturi hii alikuwa ameisikia ikisimuliwa tangu ahamie mtaa wa Bondeni, ila hakuwahi kuiona kwa macho yake, maana kwa bahati njema hapakuwa na msiba mtaani muda wote huo.

Ndani ya ungo, chini kabisa, ilikuwapo bangili ya marehemu mwenyewe. Hiyo ndiyo hutangulia, kisha za watu hufuata juu yake, ili asikae peke yake. Ndivyo walivyosema watu wa Bondeni, na hata wale waliozoea kucheka mambo ya wazee hawakulicheka hilo.

Desturi yenyewe haikuwa ya kale hata kidogo. Bangili zililetwa mjini Lumbasi baada ya yale mafuriko yaliyoondoka na nusu ya mtaa. Kila mkazi alivishwa yake, mtoto kwa mzee, ili mtambo uitwao Kinga ujue kila mtu yuko wapi siku bwawa likijaa. Ni jambo la maana, nani angelipinga? Tatizo ni kwamba aliyezibuni aliona zitapendeza zaidi zikiwa na sauti, na hakuweka pa kuizimia. Kila baada ya muda bangili ilisema kwa sauti tamu ya kike, "Habari njema! Bwawa liko shwari." Sasa hebu fikiria: maiti imelazwa, watu wameinua mikono katika dua, na mikono hiyohiyo ikaanza kutangaza habari njema. Lilitokea hilo katika msiba wa kwanza baada ya bangili kuja, na mama wa marehemu akazimia palepale. Tangu siku hiyo watu walikubaliana bila kikao kwamba bangili haziingii msibani. Zinavuliwa, na ungo unapelekwa kilimani, uani kwa msikiti, zikapige domo huko.

Aliyejitwika ungo siku hiyo ni Mzee Kobelo, jirani na rafiki wa marehemu tangu ujana wao. Alipanda nao kilima polepole, mkono mmoja ukishika ungo na mwingine ukifuta machozi.

Tunu alikaa mkekani na wanawake. Kazi yake ilikuwa kupima programu. Ukimwuliza maana yake angekuambia kwamba mashine inadai jambo, na yeye anakwenda kuangalia kama ni kweli. Sheria iliyotungwa baada ya mafuriko ilitaka mpimaji wa ngazi ya mwisho aishi palepale mtambo utakapofanya kazi, ale wanachokula watu na alale wanapolala. Wakubwa waliiona sheria hiyo kero tupu. Tunu aliipenda, kwa sababu ndiyo iliyompa chumba cha uani katika nyumba ya marehemu, Mzee Athumani Mkomwa, na mkewe Bi Chausiku, na ndani ya miezi michache akawa haitwi tena mpangaji.

Kila asubuhi mzee yule alimgongea mlango. "Mpimaji! Maji yamekukuta?"

"Bado, baba."

"Basi njoo unywe chai kabla hayajakukuta."

Utani huo haukuchuja hata siku moja. Asubuhi hii mlango haukugongwa, na kilichomwamsha Tunu ni kilio cha Bi Chausiku.

* * *

Wapishi walihitaji sufuria kubwa za msikiti, zile zinazoazimwa kwa kila msiba na kila harusi. Tunu akajitolea kuzifuata, kwa kuwa alitaka kulia mahali asipoonekana.

Uani kwa msikiti hapakuwa na mtu. Ungo ulikuwa juu ya kijiukuta, kwenye jua kali la kabla ya adhuhuri, na bangili zimerundikana humo zikimetameta. Tunu alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua chache. Kila bangili ilikuwa imewaka taa ya kijani, na taa ya kijani ilikuwa na maana moja tu, kwamba aliyeivaa yuko salama, mahali pa juu.

Akaigusa moja. Ilikuwa na joto lilelile la mkono wa mtu.

Alitoa simu akafungua ukurasa wa Kinga. *Mtaa wa Bondeni: wakazi waliopo, hakuna. Wakazi walio mahali salama, wote.* Chini ya kilima alisikia kisomo kikipanda kutoka nyumbani kwa Bi Chausiku, ambako mtaa mzima ulikuwa umejibana chumbani, barazani na uani. Tunu akakaa juu ya mojawapo ya sufuria alizozifuata, akampigia Bwana Nambuo.

Bwana Nambuo ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi, na ofisi yake ilikuwa juu ya ukuta wa bwawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Pole na msiba, Tunu. Nimesikia. Mzee mwenyewe alinichinjia kuku siku nilipokuja."

"Asante, Bwana Nambuo. Kinga ina kosa." Akamweleza habari ya ungo, jua na taa za kijani.

"Haiwezekani. Bangili ilipimwa."

"Ilipimwa peke yake."

Hapo ndipo palipokuwa na kisa chote, na wote wawili walikijua. Programu kama Kinga hupimwa kwa ngazi nne. Kwanza kila kipande hupimwa peke yake. Bangili za mwanzo zilisikiliza mapigo ya moyo, lakini mikono ya wakulima ilijaa tope la mpunga, mapigo yakapotea, na Kinga ikawa inatangaza vifo vya watu wanaopalilia. Ikaamuliwa bangili isikilize joto tu. Maabara wakaivaa ikasema imevaliwa, wakaivua ikapoa ikasema imevuliwa. Kipande kikafaulu. Huko maabara hapakuwa na jua la Lumbasi, wala ungo.

Ngazi ya pili ni ya maungio, kuona kama vipande vinasikilizana. Bangili ziliungwa na vihisi vya sakafuni, vinavyojua kama nyumba ina uzito wa watu. Vihisi hivyo vikadanganywa na magunia ya mpunga, basi ikawekwa kanuni kwamba sakafu na bangili zikipingana, iaminiwe bangili. Maungio yakafaulu. Ngazi ya tatu ni ya mfumo mzima, na hiyo ilipimwa kwa vivuli. Vivuli ni watu wa ndani ya kompyuta, mji mzima wao, waliofundishwa kulima, kulala, kuoa, kugombana na kukimbia king'ora kikilia. Walifundishwa yote isipokuwa kufa, maana kivuli kikifa kinavuruga hesabu. Na mahali ambapo hakuna anayekufa hapana msiba, na pasipo msiba hapana ungo. Mfumo mzima ukafaulu kwa alama za juu.

Ikabaki ngazi ya nne, inayoitwa kipimo cha ridhaa kwa kuwa ikifaulu ndipo mtambo unaridhiwa uanze kazi, na hiyo ilikuwa mikononi mwa Tunu. Humo hupimwa watu wa kweli, katika siku yao ya kweli, bila kuambiwa. Mpimaji huchagua saa, anabonyeza kitufe, king'ora kinalia, na Kinga inaonyesha kama imejua nani ameondoka na nani amebaki.

"Sasa si uwaambie wazivae tu?" Bwana Nambuo aliuliza.

"Nikiwaambia leo watavaa leo. Msiba ujao je?"

"Tutaandika kwenye mwongozo."

"Mwongozo ulishasema zisivuliwe. Umebandikwa hapa msikitini. Ungo uko chini yake."

Bwana Nambuo alishusha pumzi. "Nisikilize, dada. Milimani mvua imepiga tangu jana, na bwawa linapanda. Jioni ya leo nimeagizwa kuikabidhi Kinga milango yote. Ikiona Bondeni hakuna mtu na maji yamezidi, itafungua mlango wa kusini, unaomwaga maji Bondeni, bila kumwuliza mtu. Nisipoikabidhi, milango inabaki kwa wale wazee watatu wanaoizungusha kwa mikono, na unajua mwaka ule walichelewa na nini kilitokea. Kuchelewa nako kunaua. Siwezi kwenda mbele ya tume ya mradi niseme nimesimamisha kila kitu kwa sababu mpimaji wangu ameona ungo."

"Nitapiga picha."

"Picha! Siku hizi mtoto wa chekechea anatengeneza picha. Tume haipokei picha. Inapokea rekodi ya jaribio. Piga king'ora, nipe rekodi, nitakuunga mkono. Na usimwambie mtu yeyote. Ukimwambia hata mmoja jaribio limebatilika."

"Wana maiti ndani, Bwana Nambuo."

"Najua. Ndiyo maana sheria ilikupa wewe kitufe, haikunipa mimi."

* * *

Tunu alirudi na sufuria zake kichwani, mguu mmoja ukitaka kwenda na mwingine ukigoma. Maiti ilikwisha oshwa na kuvikwa sanda. Ilikuwa imelazwa ndani ya jeneza la msikiti katika chumba cha mbele, ikimngoja ndugu yake aliyekuwa njiani kutoka Songea, ili iswaliwe alasiri ikazikwe.

Bi Chausiku alikuwa ameketi karibu na jeneza, amejifunika kanga mpaka kwenye paji la uso. Alipomwona Tunu alipapasa mkeka kando yake. Tunu akakaa. Mkono wa yule mama ukaushika wake na haukuuachia.

"Alikula jana?" Tunu aliuliza, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

"Alikula. Aliuliza kama wewe umekula."

Tunu alishindwa kuzuia machozi, naye Bi Chausiku akalia kimyakimya, mkono kwa mkono. Kisha Tunu akajikaza. "Mama, kuna jambo la kazini nataka…"

"Leo usiniambie ya kazini, mwanangu," Bi Chausiku alisema kwa upole. "Kesho utaniambia. Leo nataka atoke humu kwa utulivu, ndicho kitu pekee kilichobaki ninachoweza kumpa. Alichukia sana kelele, unamjua."

Alimjua. Angeweza kusema palepale, "Mama, naomba nikupigie king'ora juu ya maiti ya mumeo." Asingekubali, na nani angemlaumu? Na akishaambiwa, jaribio limekwisha, Kinga inakabidhiwa milango jioni. Watu hawa wangelala hapa leo, na kesho, na keshokutwa, matanga yakiendelea, bangili zao zikiwa kilimani. Tunu aliwatazama mmoja mmoja. Shangazi wa marehemu, mzee sana, alikuwa anasinzia ukutani. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha. Wengi wao walikwisha poteza mtu kwa maji, na wangeweza kumwonyesha mahali alipoonekana kwa mara ya mwisho.

Akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa Bi Chausiku. Akaenda uani, nyuma ya kibanda cha kuku, akatoa simu. Aliomba radhi kwa sauti, ingawa hakuna aliyemsikia, kisha akabonyeza.

King'ora cha Lumbasi hakisimuliki. Kilianza kwa chini kama mngurumo, kikapanda mpaka meno yakauma. Ndani ya nyumba kisomo kilikatika katikati ya aya. Kwa muda mfupi hapakuwa na sauti nyingine yoyote, kisha watu wote wakapiga kelele kwa pamoja.

Vivuli vya kwenye kompyuta vilipopigiwa king'ora vilifanya jambo moja, vilikimbia. Watu wa Bondeni hawakukimbia. Tunu alifika mlangoni akaona jambo ambalo hakuna ngazi yoyote iliyowahi kulipima. Wanaume waliokuwa barazani, ambao hatua chache tu zingewatoa nje kuelekea kilimani, waligeuka wakaingia ndani. Wote walikuwa wanaliendea jeneza.

"Tangulizeni marehemu!" Mzee Kobelo alipiga kelele. "Asitoke mtu kabla yake!"

Mlango ulikuwa mwembamba. Walilinyanyua jeneza kwa pupa, likagonga kizingiti, likainama upande. Bi Chausiku aliona linainama, akaruka akalikumbatia kwa mikono miwili, akilia jina la mumewe kana kwamba anaweza kumshikilia asianguke. Shangazi yule mzee aliamka kwa mshtuko, akasimama, akakanyaga mkeka uliokunjamana na akaanguka. Hakuna aliyemwona ila Tunu, aliyejipenyeza miguuni mwa watu akamwinua. Damu ilimtoka mdomoni. Hakuwa na meno mengi, na sasa yalipungua zaidi.

King'ora kikanyamaza. Kutoka kwenye vipaza sauti vya mtaani ikaja ile sauti tamu ya kike.

"Habari njema! Mtaa wa Bondeni sasa ni mtupu. Asanteni kwa kuondoka kwa utulivu."

Waliolibeba jeneza walisimama nalo lilivyo, nusu ndani na nusu nje. Watu walitazamana. Walikuwa wamejaa chumba kizima, jasho likiwatoka, kanga zimeanguka, watoto wanalia.

"Mtupu?" Mzee Kobelo aliuliza polepole. "Sisi ni nani?"

* * *

Simu ya Tunu ilikuwa inatetemeka. Akaipokea palepale, mkono mmoja ukimshikilia shangazi.

"Nimeiona," Bwana Nambuo alisema. "Mtaa mtupu kabla king'ora hakijaisha. Tunu, hii ndiyo rekodi nzuri kuliko zote tangu mradi uanze."

"Hakuna aliyeondoka. Hata mmoja. Wote ninao hapa."

"Nakuamini."

"Basi andika kwamba imeshindwa."

"Mimi nakuamini, lakini tume itasoma rekodi. Rekodi huanza king'ora kinapolia, nayo inasema wote wako kilimani. Inasema hata wewe uko uani kwa msikiti. Sasa mtu aliye msikitini atathibitishaje yaliyotokea Bondeni?"

Tunu aliutazama mkono wake mtupu. Kosa lenyewe lilikuwa limevaa nguo za mafanikio, na yeye alikuwa kimojawapo cha vifungo vyake.

"Nikiuteremsha ungo?"

"Itaonekana watu wamerudi nyumbani baada ya jaribio. Nipe kitu kilichomo ndani ya rekodi yenyewe, ambacho hakuna mtu atakayekibishia. Kitu kimoja tu. Tume inaniita sasa hivi."

Tunu alifikiri mkono wake, alifikiri ungo, na ungo ukampeleka mpaka chini yake kabisa. Akajua. Na papo hapo akaona aibu kwa kukijua.

"Nisubiri," alisema. "Usikate."

Bi Chausiku alikuwa bado amelikumbatia jeneza, lililokuwa limeteremshwa kizingitini. Tunu akapiga magoti mbele yake, watu wote wakitazama.

"Mama, hakuna maji yanayokuja. King'ora nimekipiga mimi."

Chumba kilivuma kwa minong'ono. "Umetuvurugia maiti kwa mchezo?" Mzee Kobelo alifoka.

"Si mchezo, baba. Mmesikia wenyewe kilichotangazwa. Mtambo unaona bangili zilizo kwenye ungo, unadhani ndizo nyinyi. Jioni ya leo unapewa milango ya bwawa. Mkilala hapa matangani, kwake hapa hapana mtu."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Watu wale hawakuwa wageni wa maji. Minong'ono ikafa, na yule mama aliyenyonyesha akamkumbatia mwanawe kwa nguvu. Bi Chausiku peke yake hakubadilika uso.

"Ulikuwa umekaa hapa," alisema. "Nilikushika mkono."

"Ndiyo, mama."

"Nikakuambia nataka atoke kwa utulivu."

"Uliniambia." Tunu alisogea karibu zaidi. "Na sasa nina jingine. Bangili ya baba imo kwenye ungo. Mtambo umemhesabu. Umesema ameondoka Bondeni akiwa salama. Nikilitaja jina lake, hakuna atakayebisha, na milango haitakabidhiwa. Lakini likishatajwa litaandikwa, litasomwa mbele ya watu wasiomjua, na kosa hili wataliita kwa jina lake. Sitalitaja usiponiruhusu."

Bi Chausiku alimtazama. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"King'ora hukuniuliza. Jina unaniuliza. Kwa nini?"

"Kwa sababu nilipaswa kukuuliza yote mawili."

"Na ningekataa king'ora?"

Tunu alitaka kusema uongo, na hakuweza. "Sijui, mama. Naogopa ningekipiga vilevile."

Yule mama aliinama, akalinyoosha lile shuka la kijani lililofunika jeneza, akalirudisha sawa pale lilipopinda. Alilinyoosha mara mbili.

"Mtaje," alisema. "Lakini jina lake lote. Usilikate."

Tunu akainua simu. Ilikuwa bado hewani.

"Bwana Nambuo, fungua orodha ya walio salama. Mtafute Athumani Selemani Mkomwa."

Ilisikika mibonyezo ya vitufe. "Yupo. Athumani Selemani Mkomwa, uani kwa msikiti, salama, joto la kawaida la…" Karani yeyote wa mji mwingine angekuwa amekwisha kulifuta jina hilo, lakini karani wa Lumbasi hafuti jina la mtu kabla hajazikwa. Cheti cha daktari kilikuwa mezani kwa karani huyo tangu asubuhi, kikingoja kwa heshima. Bwana Nambuo alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee aliyenichinjia kuku."

"Ndiye."

"Naombwa nithibitishe mbele ya tume. Yuko wapi sasa hivi?"

Wanaume walikuwa wamejipanga upya, polepole safari hii, Mzee Kobelo akiwa mbele. Ndugu wa Songea alikuwa amefika katikati ya vurugu ile, vumbi miguuni, akapewa nafasi begani bila kuulizwa. Wakalinyanyua jeneza, wakaliinamisha kidogo kwenye kizingiti, likapita bila kugusa.

"Mbele yangu," Tunu alisema. "Ndiyo kwanza wanamtoa."

* * *

Milango haikukabidhiwa. Wale wazee watatu wa bwawani waliambiwa wakunje tena mikono ya mashati, na waliizungusha kwa jasho lao mvua ile yote, na kila mtu Bondeni alilala na wasiwasi. Hilo nalo lilikuwa la Tunu. Kama wangechelewa, lawama ingekuwa yake pia.

Watu waliporudi kutoka makaburini, ungo uliteremshwa, kila mmoja akachukua bangili yake. Hakuna aliyemtukana Tunu. Wengine walimshukuru. Shangazi wa marehemu, mdomo umevimba, alimpita bila kumwitikia salamu, na hilo lilimwuma kuliko tusi.

Bi Chausiku alimkuta uani akiosha sufuria. Alisimama mbali kidogo, kanga ya eda imemfunika.

"Najua umetuokoa," alisema. "Nitakuombea. Lakini kila nikikuangalia nasikia king'ora, naliona jeneza linainama. Arobaini ikipita, utafute chumba kwingine."

"Ndiyo, mama."

"Chai ipo jikoni. Kunywa kabla haijapoa."

Akaingia ndani. Tunu hakuweza kuigusa ile chai.

Aliuendea ungo kuchukua bangili yake, ya mwisho kuchukuliwa. Chini yake ilibaki moja tu, ya marehemu. Jua la jioni lilikuwa bado linaufikia ungo, na ile bangili iliwaka kijani, na ilipoona muda umefika ikatangaza kwa uchangamfu kwamba habari ni njema. Hapakuwa na pa kuizimia. Tunu akaichukua, akaenda nayo nyuma ya nyumba kwenye kivuli, akaiweka juu ya jiwe la baridi. Hakuishika tena, asije akaipa joto lake. Alikaa kando yake mpaka ikapoa na taa ikazimika.